Jarida la Kitaaluma na Gazeti la Kawaida: Namna ya Kuyatofautisha

Mwanafunzi wa utabibu anayeandika utafiti kuhusu kichocho wilayani Bariadi hukutana na maandishi ya namna mbili. Lipo gazeti au jarida la kawaida, lenye picha na kichwa cha habari kinachovuta macho; na lipo jarida la kitaaluma, ambalo, tukiri, halivutii hata kidogo. Yote mawili yana kazi yake, ila dozi ya prazikwanteli haitafutwi katika la kwanza.

Kinachoyatenga hasa ni uhakiki. Makala ya kitaaluma husomwa kwanza na wataalamu wa fani hiyo wasioshiriki utafiti wenyewe, nao huhoji mbinu na takwimu. Mhariri wa gazeti hupima habari, hapimi hesabu.

Tuchukue mfano wa jirani. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa vijijini mkoani Mwanza kuhusu kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya. Jamii 12 zilipangwa katika jozi 6, moja katika kila jozi ikipata huduma iliyoboreshwa. Katika miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwa waliopata huduma hiyo na asilimia 1.9 kwa wengine. Gazeti lingeweza kuandika kwamba tiba ya zinaa hupunguza VVU kwa takribani asilimia 40, na lisingekuwa limedanganya. Lakini mgonjwa angeweza kudhani kwamba vidonge vinamkinga. Msomaji wa makala yenyewe huona kuwa tofauti hiyo ni watu 7 katika kila 1,000.

Mwaka 1999 jarida hilohilo lilichapisha utafiti wa Rakai, Uganda, ambako maambukizi hayakupungua. Sababu haitafutwi katika vichwa vya habari, bali katika sehemu ya mbinu: Mwanza walitibiwa wenye dalili, kituoni, wakati wote, Rakai walipewa dawa watu wazima wote, nyumbani, kila baada ya miezi 10.

Majarida ya kitaaluma nayo hukosea. Makala ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilibatilishwa na The Lancet mwaka 2010. Aidha, yapo majarida bandia yanayotoza ada na kuchapisha chochote bila uhakiki. Mwanafunzi aangalie bodi ya wahariri, na kama jarida limeorodheshwa PubMed. Mgonjwa mwenye kipande cha gazeti mkononi amuulize mhudumu wake: utafiti huu umechapishwa wapi, na kwa watu wangapi?