Gari la Zamani Lisipowaka: Pima Kabla ya Kununua

Tura ni lango la mashariki la Unyamwezi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ilifika hapa baada ya kuvuka Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa uhaba wa maji. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Leo kuna reli na barabara, lakini mwenye gari lililokataa kuwaka katika eneo hili angali mbali na fundi na duka la vipuri. Mtu aliyekwama hununua chochote anachoambiwa. Somo hili lina madhumuni mawili: kumwezesha mtumiaji kutambua chanzo cha hitilafu, na kumwepusha na gharama isiyo ya lazima.

Tunazungumzia magari ya petroli yenye kabureta, hasa Land Rover za Series, zilizoundwa kati ya mwaka 1948 na 1985. Injini ya namna hii huhitaji mambo matatu ili iwake: umeme wa kuizungusha, cheche kwenye plagi, na petroli iliyochanganyika na hewa. Vikague kwa mpangilio huo. Kabla ya yote, vuta breki ya mkono na uweke gia huru.

Hatua ya kwanza: je, injini inazunguka?

Washa taa kubwa, kisha jaribu stata. Taa zikiwa hafifu tangu mwanzo, betri imeishiwa chaji. Zikiwa kali kisha zikazimika ghafla unapojaribu stata, shuku kwanza vichwa vya betri vilivyolegea au kushika kutu, pamoja na waya unaounganisha betri na bodi. Zikibaki kali na stata ikanyamaza, tatizo limo kwenye stata, swichi au nyaya zake. Mwenye kipimo cha volti akumbuke kwamba betri iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6, ikisoma chini ya 12, inahitaji kuchajiwa.

Hapa ndipo watumiaji wengi hupoteza fedha. Tuchukue mfano wa mkulima anayeambiwa kuwa betri yake imekufa. Ananunua mpya, fundi anapoifunga anasugua vichwa vya nyaya, na gari linawaka. Mkulima anaamini kuwa betri ndiyo iliyoharibika, kumbe kilichomponya ni kule kusugua. Kwa hiyo safisha na ukaze kwanza, ndipo uamue. Anza kufungua waya unaoungana na bodi. Usidhani kuwa daima ni wa hasi, kwa kuwa Land Rover za miaka ya mwanzo ziliunganishwa kwa upande wa chanya. Usivute sigara karibu na betri, maana hutoa gesi inayolipuka.

Anayetumia hendeli aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, avute kutoka chini kwenda juu, wala asiisukume chini kwa uzito wa mwili. Injini ikirudi nyuma ghafla, mshiko mwingine waweza kumvunja mkono.

Hatua ya pili: je, cheche ipo?

Ondoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, kisha ilaze ikigusa chuma cha injini. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu. Ishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, na mwenzako azungushe injini. Cheche kali ya rangi ya buluu ni dalili njema. Ikikosekana, fungua kofia ya distribyuta: futa unyevu na vumbi, kisha tazama kontakti, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikiwa vimeungua kidogo, visugue kwa msasa laini. Kwa Land Rover yenye injini ya lita 2.25, nafasi yake inapofunguka kabisa ni milimita 0.35 hadi 0.40.

Hatua ya tatu: je, petroli inafika?

Ukisikia harufu kali ya petroli, huenda injini imezidiwa mafuta. Kanyaga mafuta hadi mwisho bila kupampu, kisha zungusha. Ikiwa hakuna harufu, hakikisha tangi lina mafuta, kisha tazama uchafu kwenye kikombe cha kioo cha pampu. Weka petroli kidogo katika chupa safi ya kioo na uiache itulie. Maji yatajitenga na kukaa chini. Gari likizimika wakati wa joto kali, huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba. Subiri injini ipoe.

Tunaonya kwa msisitizo: usimimine petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzako akizungusha injini. Moto ukirudi nyuma, huwaka usoni pako na kwenye chupa uliyoishika.

Aidha, epuka petroli ya chupa za kando ya barabara. Uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa ulienea nchini kiasi kwamba EWURA ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Nunua kituoni na udai risiti.

Haki zako mbele ya fundi

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inamtaka anayetoa huduma kwa mtumiaji aifanye kwa uangalifu na ustadi. Kwa hiyo:

1. Mwombe fundi akuonyeshe kipimo au cheche kabla ya kukubali kubadilisha kifaa.
2. Kubalianeni bei ya kazi na ya vipuri kabla injini haijafunguliwa.
3. Dai urudishiwe kifaa cha zamani.
4. Tunza risiti; bila hiyo, malalamiko yako hayana mguu wa kusimamia.

Fundi mwaminifu hataudhiwa na maswali haya. Atakayeudhika amekwisha kukupa jibu.