Vifaa vya Bei Nafuu vya Kutunza Pikipiki Nyumbani: Cha Kubuni na cha Kununua

Tangu mwaka 2008, serikali ilipolegeza kodi ya pikipiki zenye injini ya chini ya sisi 250, bodaboda imekuwa tegemeo la riziki na usafiri katika mitaa mingi ya Nairobi. Huko Kibera, kuanzia Toi hadi Makina na Olympic, na huko Kawangware, kuanzia Stage 2 hadi Congo na Gatina, pikipiki hubeba mfanyakazi, mwanafunzi, mtungi wa gesi na hata mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini. Pikipiki hiyo hiyo hupita kwenye matope wakati wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, na kwenye vumbi wakati wa kiangazi. Matope na vumbi humaliza cheni, kebo na breki upesi.

Mhudumu asiye na vifaa hulipia kila kazi ndogo kwa fundi, au huiahirisha. Cheni isiyosafishwa hula meno ya gia zake, na kazi iliyohitaji mafuta kidogo inageuka kuwa ya kununua seti nzima. Kebo ya breki iliyokauka hukatika siku ambayo mteja yuko nyuma. Somo hili linaeleza vifaa 5 vinavyoweza kutengenezwa nyumbani kwa vitu vilivyopo, na vile ambavyo havifai kubuniwa kamwe.

Kanuni ya kufuata

Kifaa kinachobaki nyumbani kinaweza kubuniwa. Kipuri kinachosafiri na pikipiki lazima kinunuliwe. Trei ya kumwagia oili ikipasuka, kazi inasimama na sakafu inachafuka. Msumari uliowekwa mahali pa pini ya ekseli ukikatika kwenye Barabara ya Ngong, gurudumu linaweza kuchomoka na watu wakaumia. Kabla ya kubuni chochote, jiulize: kikivunjika, pikipiki itakuwa imesimama au itakuwa inaenda?

Spana pia hazibuniwi. Kufungua nati kwa patasi na nyundo, au kwa plaiasi, hula pembe za nati mpaka hakuna spana inayoweza kuishika tena. Pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 150 hufunguliwa kwa spana saizi 10, 12, 14 na 17, pamoja na bisibisi na spana ya plagi. Wahudumu 4 au 5 wa kituo kimoja wanaweza kuchanga na kununua seti moja nzuri, wakamteua mmoja wao kuitunza.

1. Trei ya oili na faneli

Chukua mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia wa lita 5. Ulaze ubavu, ukate upande wa juu kwa kisu, na uache mdomo na kifuniko chake. Hiyo ndiyo trei. Faneli ni nusu ya juu ya chupa ya soda, ikigeuzwa mdomo chini. Viandike vyote viwili kwa rangi ili visirudi jikoni.

Washa injini dakika chache ili oili ipate joto kidogo na iteremke vizuri, kisha uizime. Weka trei chini ya nati ya kumwagia na uifungue polepole. Kabla ya kumimina oili kwenye chombo cha kuhifadhi, itazame. Ikiwa na vipande vya chuma vinavyometa, au ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, ishara ya maji yaliyoingia, muite fundi kabla ya kurudi barabarani. Injini nyingi za aina hii huchukua karibu lita 1. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha pikipiki, au kimechapishwa karibu na tundu la kujazia.

2. Brashi ya cheni na kijiti cha kipimo

Funga miswaki 3 mikuukuu kwa ukanda wa blada: miwili itazamane, wa tatu uwe juu yake. Brashi hiyo husugua pande tatu za cheni kwa mpigo mmoja. Chovya kwenye mafuta ya taa kidogo ndani ya kopo. Usitumie petroli, kwa sababu mvuke wake husambaa chini na hushika moto upesi, hasa mahali ambapo nyumba zimesongamana na jirani ana jiko linalowaka.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, zima injini, na uzungushe gurudumu kwa mkono. Usiwashe injini ili cheni ijizungushe yenyewe, maana kitambaa au kidole kikinaswa kati ya cheni na meno hakitoki kizima. Cheni ikikauka, tia oili nzito ya gia na upanguse inayozidi.

Kwa kipimo, chukua kijiti kilichonyooka na ukitie alama za sentimita kutoka kwa rula ya mtoto wa shule. Kisimamishe karibu na katikati ya sehemu ya chini ya cheni. Sukuma cheni juu, kisha chini, na usome tofauti. Kwa pikipiki nyingi za mjini huwa kati ya sentimita 2 na 3, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuatwa. Pima sehemu 3 au 4 za cheni, kwa kuwa hailegei sawasawa. Ukiikaza, hakikisha alama za kulia na kushoto karibu na ekseli zinalingana, la sivyo gurudumu litakaa upande.

3. Kifuko cha kutilia oili kwenye kebo

Osha pakiti tupu ya maziwa, uikaushe, na ukate kona moja tundu dogo. Chomoa mwisho wa juu wa kebo ya klachi kwenye mpini, uupenyeze kwenye tundu hilo, na ukaze kwa blada. Inua kifuko, mimina oili nyepesi kiasi cha vijiko 2, na ukiache kikining'inia usiku kucha. Oili hupenya ndani ya kebo kwa uzito wake na kutokea chini, kwa hiyo weka trei chini yake.

Kwa kebo ya breki ya mbele, chomoa pia mwisho wa chini na uupanguse vizuri kabla ya kuurudisha, ili oili isiingie ndani ya breki. Kebo yenye hata uzi mmoja uliokatika haifai kutiwa oili. Nunua nyingine.

4. Kipimo cha mwanya wa plagi

Kipande cha msumeno wa chuma, yaani hakso, kilichovunjika kina matumizi. Unene wake kwenye ubapa, mbali na meno, huwa karibu milimita 0.6. Plagi nyingi za pikipiki ndogo huhitaji mwanya wa kati ya milimita 0.6 na 0.8. Safisha plagi kwa mswaki mkavu injini ikiwa imepoa, kisha upitishe ubapa huo kwenye mwanya. Usipoingia, mwanya ni mdogo mno. Ukiingia kwa kukwaruza kidogo, mwanya uko karibu na 0.6. Ukicheza sana, mwanya umepanuka. Uufunge kwa kugongagonga ncha ya pembeni taratibu kwenye ubao. Plagi yenye ufa kwenye sehemu nyeupe itupwe.

Kipimo hiki si cha valvu. Mwanya wa valvu ni mdogo zaidi, na kosa dogo huunguza valvu. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vipimo halisi.

5. Vyuma vya kutolea tairi

Bisibisi hutoboa tyubu. Badala yake, mpe mhunzi wa jua kali vipande 2 vya nondo vya urefu wa sentimita 25. Atavitia moto, avibapishe ncha na kuvikunja kidogo. Sugua ncha kwa tupa mpaka zisikwaruze ukucha. Tyubu ikishatoka, itie upepo, uizamishe kwenye karai la maji, na utafute mapovu. Kabla ya kuirudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi. Msumari uliosababisha panchari mara nyingi bado umo humo, na kitambaa kitanasa kabla ya kidole chako.

Visivyobuniwa

Usifunge nati ya ekseli kwa msumari au waya mahali pa pini. Usitumie mpira wa maji kama mpira wa petroli, kwa kuwa petroli huulainisha, ukavuja juu ya injini ya moto. Usiongeze maisha ya pedi za breki kwa kupachika vipande vya blada au bati. Pikipiki nyingi zenye breki za ngoma zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki. Mtu akanyage breki mpaka mwisho huku mwingine akitazama: mshale ukifika kwenye alama ya kikomo, pedi zimekwisha. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, maana kulivuta ni hatari kwa mapafu.

Oili chafu isiende mtaroni

Mitaro ya Kibera huelekea Mto Ngong na Bwawa la Nairobi. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kutupa taka kwa njia inayochafua mazingira, na oili ya injini ni mojawapo ya taka hatari. Ihifadhi kwenye mtungi wenye kifuniko, usiichanganye na maji wala petroli, kisha uipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachopokea oili iliyotumika. Usiweke oili wala mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha.

Ratiba ya kubandika ukutani

Kila asubuhi: breki zote mbili, taa, upepo wa tairi, na kiasi cha oili.
Kila wiki: kusafisha cheni, kuitia oili na kuipima. Wakati wa mvua, mara 2 kwa wiki.
Kila mwezi: kebo, plagi, mshale wa breki, na nati zote za magurudumu.
Oili ya injini: kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Andika kilomita za siku uliyobadilisha kwenye daftari.

Mhudumu anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine amwonyeshe mwenyewe daftari hilo. Litasaidia wote wawili kujua ni kipuri gani kinakaribia kwisha, na kutenga pesa za kukinunua kabla hakijakatika barabarani.