Ng'ombe Hashiki Mimba? Anza na Gunia la Pumba



Kiangazi kikikaza na majani yakiisha kule Chalinze, Lugoba na Kiluvya, wengi wenu mnashuka Manzese kununua pumba. Mashine za kukoboa mahindi ziko huku, gari linapakiwa asubuhi, jioni ng'ombe wanakula. Pumba hiyo imeokoa mifugo mingi na siwaambii muiache. Nataka tuzungumze juu ya gunia moja tu kati ya hayo, lile lenye harufu ya uvundo ambalo muuzaji anakupunguzia bei.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliitwa na mama mmoja mfugaji. Alikuwa na mitamba watatu ambao hawajawahi kupandwa, lakini viwele vyao vimejaa kama vya ng'ombe anayekaribia kuzaa, na uke umevimba. Ng'ombe wake wawili wakubwa walikuwa wakirudia joto ovyo, leo na baada ya siku chache tena. Nilimwambia tatizo ni dume. Akabadilisha dume. Haikusaidia, akamwita mhimilishaji mara tatu, kila mara kwa fedha yake. Mwisho nikamshauri awauze wale wawili, wakaenda machinjioni kwa jina la ng'ombe tasa.

Baadaye mwenzangu mwenye uzoefu alifika pale, hakumgusa ng'ombe yeyote kwanza. Aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa bonge la pumba lililogandamana, lina ukungu mweupe wenye wekundu kidogo. Pumba ikabadilishwa. Baada ya wiki chache uvimbe wa mitamba ulipungua, na wawili kati yao walishika mimba msimu uliofuata. Wale niliowaita tasa walikuwa wameshaliwa. Mama yule hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Sasa nieleze kilichokuwa ndani ya bonge lile. Mahindi yakivunwa na unyevu, au yakinyeshewa ghalani, huota kuvu wa aina nyingi. Mmoja huitwa fusariamu, naye hutengeneza sumukuvu iitwayo zearalenoni. Jina ni gumu lakini kazi yake ni rahisi kuielewa. Mwili wa jike huongozwa na homoni, yaani vichocheo vinavyotumwa kupitia damu. Kimojawapo ni estrojeni, ambacho ndicho humwingiza ng'ombe kwenye joto. Unajua mchungaji akipiga mluzi wake, kundi linageuka na kumfuata. Mtu mwingine akiuiga mluzi ule vizuri, kundi litamfuata yeye, hata kama anaelekea kwenye shamba la watu. Zearalenoni inaiga mluzi wa estrojeni. Kizazi kinasikia amri ambayo mwili haukuitoa: kiwele kinajaa bila mimba, uke unavimba, joto linakuja bila mpangilio, na mimba haishiki.

Nguruwe ndiye anayeumia upesi kuliko wote. Kwa nguruwe jike mchanga utaona uke mwekundu uliovimba, na wengine uke au utumbo mnyoofu hutokeza nje. Ng'ombe ana nafuu kwa sababu vijidudu vya tumboni mwake hubadilisha sehemu ya sumu hiyo, lakini akilishwa pumba mbovu kila siku nafuu hiyo haitoshi. Kuku hustahimili zearalenoni vizuri zaidi. Hata hivyo usiwamwagie kuku gunia ulilomnyima ng'ombe, maana penye ukungu kuna uwezekano wa sumukuvu nyingine, na ile ya aflatoksini huua vifaranga.

Kwa nini pumba hasa? Kwa sababu mahindi yakikobolewa, sumukuvu nyingi hubaki kwenye ganda na kiini, na hivyo ndivyo vinavyokuwa pumba. Punje zilizovunjika na kuchaguliwa kwa ubovu nazo mara nyingi huishia humo humo. Mwenye mashine anaweza asiwe na nia mbaya kabisa, ila mahindi yake yalifika yakiwa hayajakauka.

Wengi huniuliza: nikianika? Jua hukausha pumba na kuondoa harufu, na ukungu mpya hautaota, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki pale pale. Kuchemsha pumba ya nguruwe jikoni pia hakuiondoi. Na ukichanganya gunia bovu na mazuri matatu, umepunguza ukali, ila sasa una magunia manne yenye sumu.

Jambo la chakula kuvuruga uzazi si geni duniani. Huko Australia ya Magharibi, miaka ya 1940, kondoo wengi waliacha kushika mimba ingawa malisho yalikuwa mazuri na wanyama wamenona. Ilikuja kuonekana kwamba klova waliyokuwa wakichunga, mmea wa jamii ya kunde, ina kemikali inayofanya kazi kama estrojeni. Hapakuwa na ugonjwa wala mkono wa mtu, ni majani tu.

Lakini kuna kemikali zinazoletwa na mkono wa mtu, na mfano wetu uko karibu. Kibaha kuna shamba la serikali la Vikuge, shamba la nyasi za mifugo. Mwaka 1986 viliteremshwa pale viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, sehemu yake vikiwa vimekwisha muda, na DDT ikiwemo. Viliwekwa kwenye banda la wazi, na banda likaja kuanguka. Miaka mingi baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopima eneo lile walikuta DDT bado imo kwenye udongo na kwenye mimea. DDT haiozi upesi. Ikiliwa na mnyama hukaa kwenye mafuta ya mwili, na njia yake ya kutoka ni maziwa, kwa hiyo inamfikia ndama na mtoto wa nyumbani. Mabaki yake huzuia kazi ya homoni ya kiume. Ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiwekea mipaka, ibaki kwa wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria.

Kwa hiyo kopo la dawa ya shambani au ya kuogeshea lisiwe la kukamulia, kubebea maji wala kupimia pumba, hata ukilisuuza mara saba. Litoboe ili asilichukue mwingine. Dawa ya pamba au ya mboga usimnyunyizie ng'ombe kwa ajili ya kupe, hata kama jirani anasema inaua vizuri. Mama mjamzito na watoto wasishike pampu ya kuogeshea. Na pumba isisafirishwe kwenye gari moja na viuatilifu. Kabla ya kupakia, panda mwenyewe uangalie sakafu ya gari.

Ukifika mashineni fanya kama mwenzangu: ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, usiishie juu. Pumba nzuri humwagika vidoleni, haina mabonge, haina joto wala harufu ya uvundo. Kutoona ukungu si uthibitisho, kwa kuwa kusaga huuficha, hivyo muulize pia mwenye mashine mahindi yalitoka wapi na yalifika lini. Kama unanunua mahindi yenyewe, chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Kipimo hiki ni cha ugali wa nyumbani pia. Mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara kwa aflatoksini ya mahindi, na 20 wakafariki.

Nisije nikakutoa kwenye kosa la dume nikakuingiza kwenye kosa la pumba. Ng'ombe anayetupa mimba anaweza kuwa na brusela, ambayo inampata na binadamu kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma. Usiliguse kwa mikono mitupu, na umwite afisa mifugo wa kata ili sampuli ipelekwe Maabara Kuu ya Veterinari, Temeke. Lakini wakati unasubiri majibu, simamisha gunia linaloliwa na uweke pembeni kilo moja iliyochotwa sehemu mbalimbali za gunia hilo, kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Akija mtu na sindano ya homoni kabla hajauliza ng'ombe anakula nini, mwambie asubiri.

Ukinipigia simu, swali langu la kwanza litakuwa siku uliyofungua gunia jipya. Iandike kwa mkaa kwenye mlango wa zizi.