SOMO: MWAKA MGUMU WA MASOMO NA WAJIBU WETU

 

Ndugu zetu Waislamu, liko neno moja ambalo husemwa kila skuli zinapopatwa na msiba, nalo ni hili: “Mwaka huu umekwisha potea.” Hulisema baba mbele ya mwanawe, na mwalimu mbele ya darasa. Neno hili ni jepesi ulimini, lakini lina sumu, kwani mtoto aliyeambiwa kuwa mwaka umepotea haoni sababu ya kufungua kitabu. Somo letu la leo ni kulipima neno hili, tujue kama ni kweli au si kweli.

Natutazame Nakuru na Bonde la Ufa. Mji huo si mgeni kwetu watu wa pwani. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na Waislamu wa pwani wakaenda nayo kwa kazi na biashara, na wengi wetu hata leo tuna jamaa huko. Basi yaliyowapata ni yetu pia.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, fitina ilipowaka, maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, na watoto wakasomeshwa ndani ya mahema. Tarehe 15 Machi 2020 ilitolewa amri ya kufunga skuli zote za Kenya kwa ajili ya maradhi ya korona. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirejea tarehe 12 Oktoba, na waliosalia wakangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Katika mwaka huohuo wa 2020 maziwa ya Nakuru na Baringo yalifura, yakafunika nyumba za watu, na huko Baringo yakaingia hata katika skuli. Kisha, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, siku ambayo skuli zilikuwa zifunguliwe, maji yaliporomoka Mai Mahiu yakaua watu wengi. Ufunguzi ukaakhirishwa nchi nzima hata tarehe 13 Mei.

Je, miaka hiyo ilipotea? Mtihani wa darasa la nane wa mwaka 2020 ulifanywa Machi 2021, na wako waliofaulu. Walikuwa na maradhi yaleyale na milango ileile iliyofungwa. Lakini wako pia wasiorudi kabisa: wavulana walioonja pesa za bodaboda wakaona kitabu ni mzigo, na wasichana waliopata mimba au kuozwa. Hapa ndipo penye funzo. Kufungwa kwa skuli ilikuwa ni qadari ya Mwenyezi Mungu, wala hapana aliyeweza kuizuia. Lakini mtoto kutorudi skuli zilipofunguliwa, mara nyingi yalikuwa ni matendo ya mikono yetu. Si haki kukitia kitendo chetu katika qadari ili tupate kulala usingizi.

Enyi wanafunzi! Imepokewa kuwa Imamu Shafi alikuwa yatima, na mama yake hakuwa na cha kumlipa mwalimu wala cha kununulia karatasi, akawa akiandika juu ya mifupa. Hakungoja mambo yawe mepesi ndipo asome. Nanyi amkeni kwa sala ya alfajiri, na baada yake msome saa moja kabla ya kelele za nyumba. Mwenye kufahamu hesabu amfahamishe mwenzake, kwani anayefundisha hujifunza mara mbili. Wala msidanganywe na hirizi wala kombe la kunywa ili kupita mtihani. Lau wino wa kombe ungalitia ilimu kichwani, tusingalihitaji walimu. Ombeni dua, kisha msome. Dua bila ya kusoma ni kama kuomba mavuno katika shamba usilolima.

Enyi wazazi! Mama asiyejua kusoma aweza kumwambia mwanawe, “Nisomee ulichojifunza leo,” akasikiliza. Mtoto hujua kuwa kuna sikio linalomngoja. Na baba asemaye hana karo, naajiulize: mwaka jana alitumia ngapi katika arusi? Twajua kuwa wako masikini wa kweli, na hao hatuwalaumu. Twamlaumu yule akopaye kwa ajili ya ngoma na biriani ya siku moja, kisha mwanawe arudishwe nyumbani kwa karo. Wala asitolewe binti skuli ili nduguye asome. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliupigania usomaji wa wasichana wakati ambapo wengi waliuchukia. Itakuwa ni aibu sisi wa leo kurudi nyuma yake.

Enyi walimu! Twajua kuwa mwaka 2020 wengi katika nyinyi wa skuli za watu binafsi na wa madrasa mlikaa miezi bila ya mshahara. Kazi yenu ina heshima ya tangu zamani. Baada ya vita vya Badri, mateka wa Makka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali, fidia yao ilikuwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina. Mtume (S.A.W.) aliyakubali mafundisho hayo mahali pa dhahabu, na waliofundisha walikuwa maadui wa jana. Basi thamani ya mwalimu Mwislamu ni ipi? Msimkatie tamaa mtoto aliyechelewa. Pengine neno lenu moja ndilo litakalomrudisha.

Na jamii nzima ina wajibu. Kila msikiti waweza kufungua mlango wake baina ya magharibi na isha, pawe na taa, na mwalimu mmoja wa kujitolea. Na wenye mali wakumbuke kuwa mwanafunzi fakiri ni fakiri kama mafakiri wengine, naye ana haki katika zaka. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu ilikuwa ni kusoma, nayo haikuwekewa sharti la mwaka mwepesi.

Basi mwaka haupotei wenyewe. Hupotezwa na watu. Twamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu fahamu zao, awape wazazi wasaa, na awalipe walimu kwa subira yao. Amin.