Somo la 27: Kalamu na Hofu

Huko Ulaya, katika nchi ya Wacheki, kuna mji mdogo uitwao Terezín. Mji huo una kuta nene pande zote. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1941, watawala Wajerumani waliugeuza kuwa kifungo cha Wayahudi. Wazee, akina mama, hata watoto walifungwa humo bila kosa lo lote. Watoto wengi walitengwa na wazazi wao. Walikuwa na njaa, nao waliogopa usiku na mchana. Mara kwa mara magari ya moshi yaliwachukua watu kwenda mbali, na wengi wao hawakurudi tena.

Mwezi wa Desemba 1942 aliletwa mfungwa mmoja, jina lake Friedl Dicker-Brandeis. Alikuwa mchoraji, mzaliwa wa Vienna. Mzigo wa kila mfungwa ulipimwa. Hata hivyo, Friedl alitia karatasi na rangi ndani ya mzigo wake.

Basi, akaanza kuwafundisha watoto kuchora. Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo walichora hata nyuma ya karatasi za ofisi zilizokwisha kuandikwa. Aliwazoeza kuchora mistari kwa kufuata mapigo, kama mchezaji afuatavyo ngoma. Wengine walichora nyumba zao za zamani, maua na vipepeo. Wengine walichora vitanda vya kifungoni. Kila mtoto aliandika jina lake juu ya picha yake, maana kifungoni watu walihesabiwa kwa namba.

Je, kuchora kulifungua mlango wa kifungo? Hapana. Lakini mkono ukishika kazi, na macho yakiifuata, moyo hupumzika kidogo. Hofu iliyokosa maneno hutoka ndani, ikawekwa juu ya karatasi. Hapo mtoto aweza kuitazama.

Mwezi wa Oktoba 1944 Friedl alipelekwa Auschwitz, akauawa huko. Wengi wa wanafunzi wake waliuawa vile vile. Lakini picha zao, kama 4.500, zilifichwa ndani ya masanduku mawili. Leo zinatunzwa katika makumbusho ya Wayahudi mjini Prague.

Mafundisho yake pia hayakufa. Edith Kramer, aliyekuwa mwanafunzi wake kabla ya vita, alikimbilia Marekani mwaka 1938. Huko alitumia kuchora ili kuwasaidia watoto wenye taabu moyoni.

Mtoto mwenye wasiwasi achukue kalamu, au kipande cha makaa, au kijiti mchangani, achore. Asijali kama picha si nzuri. Kisha amwonyeshe mtu anayemwamini.

Maulizo
1. Kwa nini watoto wa Terezín waliogopa?
2. Friedl alitia nini ndani ya mzigo wake?
3. Kwa nini kila mtoto aliandika jina lake?
4. Kuchora kuliwasaidia watoto namna gani?
5. Chora kitu kimoja kinachokutia hofu, na kingine kinachokufurahisha.