Wikendi ya Wawili Nairobi: Uliza Jikoni Kwanza, Tuma Pesa Baadaye

Wengi wakipanga kumpeleka mwenzi wao Nairobi kwa siku mbili tatu huanza na chumba. Wanaona picha mtandaoni, kitanda kimemwagiwa maua ya waridi, wanatuma pesa ya kushikilia nafasi, halafu ndipo maswali yanaanza. Kiamsha kinywa ni nini? Zile soseji ni za nyama gani? Je, hiyo kelele inayosikika kwenye video ni baa iliyo chini ya chumba? Pesa ikishatoka kwenye simu, maswali hayo yamechelewa. Utakula ulichokataa au utalipia chakula mara mbili.

Leo tunapanga safari ya watu wawili, tuseme bibi na bwana wanaotoka Mombasa Ijumaa na kurudi Jumapili. Wanataka miti, wanyama, utulivu kidogo, na chakula halali wasichohitaji kukitilia shaka. Katika kila hatua tutaangalia pesa inatoka lini, inaenda kwa nani, na nini kifanyike kabla hujaweka PIN. Kama wewe uko Garissa, Isiolo au Kisumu, badilisha usafiri tu. Mengine yatabaki vile vile.

Wapo watakaosema Nairobi si mahali pa fungate, ni foleni za magari na vumbi la mijengo. Wanasema hivyo kwa sababu wameijua kupitia River Road tu. Huu ni mji wenye mbuga ya taifa ya kilomita mraba 117, yapata kilomita 7 kutoka katikati ya jiji, ambapo faru mweusi anakula majani na nyuma yake yanaonekana maghorofa. Upande wa pili wa mji kuna msitu wa zaidi ya hekta 1,000 wenye maporomoko ya maji na mapango. Miji mikuu ya namna hiyo duniani ni ya kuhesabu.

Chumba: ujumbe mmoja kabla ya shilingi moja

Kabla ya kutuma chochote, andikia nyumba ya wageni ujumbe kama huu:

"Habari. Tunataka chumba cha watu wawili, Ijumaa usiku hadi Jumapili asubuhi. Sisi ni Waislamu. Je, jikoni kwenu hupikwa nguruwe? Pombe huuzwa hapo? Nyama mnanunua wapi? Na mnapokea malipo kwa till au paybill gani, kwa jina lipi?"

Ujumbe huu mfupi unafanya kazi mbili. Wa kwanza kujibu vizuri maswali ya jikoni ni mtu ambaye kweli ana jiko. Tapeli anayetumia picha za hoteli ya wenyewe hana jiko. Atakuambia "usijali, kila kitu kiko sawa" na kukuhimiza utume haraka kwa sababu kuna mteja mwingine anakitaka chumba hicho hicho. Ukisikia habari ya huyo mteja mwingine, punguza mwendo.

Swali la mwisho ndilo la pesa. Biashara ya kweli huwa na till au paybill iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Ukiweka namba, jina la mpokeaji hutokea kwenye simu kabla hujathibitisha. Lisome. Kama tangazo linasema nyumba ya wageni na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama. Huenda mwenye nyumba ndogo anatumia laini yake kweli, na si kila mmoja ni mwizi. Lakini katika hali hiyo mpigie simu, mwombe akuonyeshe chumba kwa video ya moja kwa moja, na ulipe sehemu ndogo tu. Arbuni ya usiku mmoja inatosha. Salio lilipeni mkishafika, funguo ikiwa mkononi.

Kuna jambo ambalo wateja wengi hulielewa visivyo. Huduma ya kurejeshewa pesa imewekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyetuma kwa hiari kwa namba aliyoitaka kisha akagundua amedanganywa. Tapeli hakai na pesa. Ndani ya dakika chache ameshatoa au amezihamisha, na hapo hakuna cha kurudisha. Ukishuku umelaghaiwa, piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, hifadhi ujumbe wenye namba ya muamala pamoja na mazungumzo yenu yote, kisha piga ripoti polisi. Lakini kinga iko pale kwenye lile jina linalotokea kabla hujathibitisha.

Treni na kitambulisho

Madaraka Express imekuwa ikisafiri kati ya Mombasa na Nairobi tangu 2017, na mkikata tiketi mapema mtaketi pamoja. Tiketi hukatwa kwa simu kwa kupiga *639# au kwenye tovuti ya shirika la reli, na malipo ni kwa simu. Andikeni majina kama yalivyo kwenye kitambulisho. Bi harusi ambaye ameanza kujiita kwa jina la mume lakini kitambulisho bado ni cha jina la baba, atumie la kitambulisho. Mapenzi hayatambuliwi kwenye lango la ukaguzi.

Keti dirishani. Treni inapita Tsavo, na mchana ndovu wekundu kwa vumbi la huko huonekana kutoka kwenye viti. Hicho ni kipande cha safari msichokilipia kiingilio.

Mbuga: lipa usiku wa kuamkia

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946, ya kwanza nchini. Ina simba, faru, twiga, nyati na ndege wengi mno, ndovu hamna. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hiyo ndiyo saa ya kufika, kwa sababu wanyama bado wanatembea na jua halijawa kali. Ikifika saa nne simba amelala chini ya mti na nyinyi mnatazama nyasi.

Getini hawapokei noti. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, na usiku wa kuamkia safari, mkiwa na chai na mtandao mzuri, ni wakati mwafaka kuliko alfajiri na foleni ya magari nyuma yenu. Utajaza tarehe na idadi ya watu, utapewa namba ya ankara, kisha utalipa. Malipo ya huduma za serikali kwenye eCitizen huenda paybill 222222, na sehemu ya akaunti unaweka ile namba ya ankara. Mtu yeyote, hata akiwa na koti la kijani na redio kiunoni, akikuambia umtumie yeye kwenye simu yake "ili apitishe gari", mshukuru na ulipe kwa njia ile ile. Bebeni vitambulisho, kwa sababu raia hulipa kidogo kuliko mgeni na lazima muonyeshe uraia wenu. Gari nalo lina kiingilio chake. Kubalianeni na dereva mapema nani analilipia.

Kama gari halimo kwenye bajeti, msinung'unike. Pale pale kwenye lango kuu la Lang'ata kuna Nairobi Safari Walk, njia ya mbao iliyoinuliwa ambayo mnaipita kwa miguu, mkishikana mikono, mkiangalia wanyama chini. Kwa wawili wanaotaka kuongea kuliko kukimbizana na simba, mimi ningeichagua hiyo.

Karibu na hapo, upande wa barabara ya Magadi, kuna kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick. Wageni wa kawaida huingia saa tano asubuhi kwa muda wa saa moja tu, na lazima uwe umeweka nafasi mapema. Watoto wa ndovu wakinyonya chupa za maziwa na kugaagaa kwenye matope hufanya hata mtu mkimya acheke. Wikendi hujaa, kwa hiyo hii iwekeni nafasi kabla hata ya kukata tiketi ya treni.

Karura siku ya Jumapili

Msitu wa Karura uko upande wa kaskazini, kati ya barabara ya Limuru na ya Kiambu. Kama leo mna mahali pa kutembea chini ya miti badala ya mtaa wa majumba, ni kwa sababu ya watu waliosimama kuutetea. Mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti huko kupinga ugawaji wa ardhi ya msitu. Miaka mitano baadaye, 2004, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Ndani kuna njia za kutembea na za baiskeli, maporomoko ya maji, na mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau. Malipo ya getini ni kwa simu, basi simu iwe na chaji. Bebeni maji na viatu vya kawaida, si vile vya picha. Na mtu wa Pwani akija kati ya Juni na Agosti abebe sweta. Baridi ya Nairobi asubuhi haina utani.

Sahani

Sasa chakula, ambacho wengi hukiacha kijipange chenyewe.

Nairobi kupata chakula halali si kazi. Kazi ni kujua swali la kuuliza. Vichinjio vingi Kenya huajiri wachinjaji Waislamu, kwa hiyo mhudumu atakuambia "nyama yetu ni halali" na huenda hasemi uongo. Lakini nyama hiyo inaweza kuwa imechomwa kwenye jiko lile lile lililochoma nguruwe dakika kumi kabla. Uliza habari ya jiko na mafuta ya kukaangia, usiishie kwa mchinjaji. Hoteli kubwa na baadhi ya migahawa hutundika cheti cha Kenya Bureau of Halal Certification. Cheti kina tarehe ya mwisho. Ni haki yako kuisoma. Neno "halali" lililopakwa rangi ukutani si cheti.

Mkitaka kula bila maswali, nendeni kwenye mitaa ambako wapishi na wateja ni Waislamu. Mkitoka mbugani, South C iko karibu na kuna misikiti na vyakula. Katikati ya mji, kuzunguka Msikiti wa Jamia, mtaswali na kula bila kupanda gari. Na City Market ya Muindi Mbingu Street iko hatua chache kutoka msikitini. Wauza maua wa pale watakufungia waridi kwa bei ambayo hoteli itakucheka. Bei ni ya kuelewana, malipo kwa till.

Jumamosi jioni nendeni Eastleigh. Agizeni wali wa Kisomali, unaletwa na ndizi mbivu pembeni, na ndizi hiyo huliwa pamoja na wali, si baadaye. Nyama ya mbuzi au ya ngamia, kisha shaah, chai ya maziwa yenye viungo. Sinia moja inawatosha wawili na kula sinia moja kuna mahaba yake ambayo mishumaa haifikii. Mwezi wa Ramadhani mchana wengi hufunga, panga kwa kufuata futari.

Pesa zenyewe

Tuseme mmeamua kutumia shilingi 30,000. Huu ni mfano, bei halisi zitazameni siku ya kupanga. Treni ya kawaida kwenda na kurudi, wawili, 6,000. Malazi usiku wawili 9,000. Viingilio na gari 7,000. Chakula 5,000. Zinabaki 3,000, nazo zisiguswe. Mkiweka 2,500 kila wiki kwenye akiba ya simu iliyofungwa, wiki 12 mmezifikisha.

Usiifadhili fungate kwa mkopo wa salio kuisha. Ada yake huongezeka siku hadi siku, na kwa anayetafuta halali kwenye sahani, deni la namna hiyo ni swali lingine la kumuuliza shekhe wake.

Gaweni pesa kwenye simu mbili. Ya mmoja ilipe malazi na viingilio, ya mwingine chakula na usafiri wa mjini. Simu moja ikiibwa au kuzima chaji, hamjakwama. Lipeni kwa till kila mnapoweza, kwani mara nyingi mteja hakatwi ada, ilhali kutoa pesa kwa wakala kuna makato kila mara. PIN kila mtu na yake, hata kama ni fungate. Na mkipata ujumbe wa "umetumiwa pesa" ukifuatwa na simu ya mtu anayelia arudishiwe, angalieni salio kwanza. Kama halijabadilika, hakuna kilichotumwa.

Jumapili tokeni Karura mapema. Kituo cha Nairobi Terminus kiko Syokimau, upande mwingine kabisa wa mji, na kabla ya kupanda kuna mbwa wa kunusa mizigo na mashine za ukaguzi. Fikeni angalau saa moja kabla ya treni kuondoka. Nauli ya kutoka Miritini hadi nyumbani iwe bado ipo kwenye ile simu ya pili.