Gundi ya karatasi kutoka unga wa muhogo

Kabla ya kununua gundi ya dukani kwa ajili ya madaftari ya watoto, bahasha au picha za ukutani darasani, angalia kama una unga wa muhogo jikoni. Uwe mweupe na mkavu. Ule uliosagwa pamoja na ulezi au mtama wa kupikia ugali wa kalo au atapa uache, kwa sababu hutia karatasi madoa. Katika masoko ya Jinja na Mbale, Uganda, wauzaji hupima kidogo kidogo, na hata kilo ikiuzwa shilingi 4,000, unga wa sufuria moja haufiki shilingi 200.

Chukua vijiko vitatu vya kulia chakula vilivyojaa. Koroga na nusu kikombe cha maji baridi mpaka pasibaki hata donge moja. Usianze na maji ya moto: unga utajifunga madonge, na madonge hayo hayavunjiki tena. Chemsha kikombe kimoja cha maji kwenye sigiri, yaani jiko la mkaa, kisha mimina uji ule polepole huku ukikoroga. Mwanzoni utakuwa mweupe kama maziwa. Ghafla kijiko kitakuwa kizito na uji utaanza kung'aa. Hapo wanga umeiva, na ndio unaoshika. Endelea kukoroga dakika mbili, uepue, uache upoe. Ukiwa mzito mno, ongeza maji ya moto kidogo.

Paka nyembamba kwa brashi au kitambaa, kisha lainisha karatasi kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni, hewa itoke. Madaftari yalaze chini ya kitu kizito mpaka asubuhi, la sivyo majalada yatajikunja.

Gundi hii huchacha upesi, hasa Mbale, mvua za Aprili na Mei zinaposhika chini ya Mlima Elgon. Kijiko kidogo cha siki huisaidia kukaa siku chache ndani ya chupa iliyofunikwa. Ikinuka au ikiota ukungu, imwage. Wapo wanaotia mrututu ili panya na mende wasiile. Nakusihi usifanye hivyo, maana ni sumu na watoto hulamba vidole. Kwa bango la nje pia haifai: mvua moja tu, karatasi iko chini.